Uji wa Saa Nne

Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari, na kwa Ugogo huo ni mwezi mbaya wa kuanzia chochote. Nyanda hizi za kati zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na Dodoma mjini hupata kwa wastani chini ya milimita 600 kwa mwaka. Uwele na mtama hupandwa mvua zikianguka, huvunwa kuanzia Mei. Januari vihenge viko tupu, jembe linadai nguvu, na nyumba nyingi zimeshapunguza mlo mmoja. Ndipo kengele ya shule inapogongwa.

Katika kata kama Mkonze, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, mtoto wa darasa la pili hula ugali na mlenda saa moja jioni. Asubuhi, kukiwa na bahati, hupata kiporo au kikombe cha chai ya rangi. Mara nyingi hatoki na kitu. Anadamka mapema, anafagia uwanja wa shule, anaingia darasani saa mbili. Shule ikiwa haina chakula, atakaa hivyo hadi saa nane mchana. Hesabu saa hizo tangu ugali wa jana: ni 19. Mtu mzima akifunga Ramadhani katika nchi hii hukaa saa 13 hivi, na futari inamsubiri.

Kwa hiyo, kinachoitwa kwingineko kifungua kinywa cha shule, Dodoma kina jina lake la siku nyingi: uji wa saa nne. Historia ya uji huo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na inaanzia kabla ya shule zenyewe.

Wagogo huzipa njaa majina, na kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya Ugogo mara mbili. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia wakachukua tena vilivyobaki. Kisha mvua zikagoma, na homa ya mafua iliyozunguka dunia mwishoni mwa 1918 ikawakuta watu wamekonda. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma, karibu mmoja kati ya kila watano. Waliobaki walikwenda kuhemea mbali, wengine hawakurudi. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi aliyekuja kuandika historia na mila za Wagogo katika kitabu kilichotoka 1954, alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, yaani ndani ya njaa hiyo.

Ukame peke yake haukuleta Mtunya. Ugogo ulikuwa umeuzoea ukame; ulikuwa na ng'ombe wa kubadilishana na nafaka, na jirani wa kukimbilia. Serikali mbili zilipoondoa ng'ombe na wanaume, kinga ile ikavunjika. Tangu hapo, katika nyanda za kati, swali la chakula limekuwa swali la nani anakichukua na nani anakirudisha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na jibu la ajabu. Mwaka 1947 walianza mradi mkubwa wa karanga, Kongwa ikiwa makao yake, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, ili wapate mafuta ya kutengenezea siagi ya bandia kwa ajili ya kwao. Ardhi ya Kongwa hugeuka saruji kiangazi kikifika; matrekta yalivunjika, mvua zikakatika, na Januari 1951 mradi ulifutwa ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Jambo moja husahaulika mradi huo unaposimuliwa kama kichekesho. Mwaka 1946, mwaka mmoja tu kabla trekta la kwanza halijawashwa Kongwa, Bunge la Uingereza lilikuwa limewapa watoto wote wa shule wa nchi hiyo maziwa ya bure kila siku. London ilijua vizuri kabisa kwamba mtoto hasomi akiwa na njaa. Ilijua kwa watoto wake.

Watoto wa Kigogo waliosoma enzi hizo walikuwa wachache, na waliokuwa bweni katika shule za misheni walikula huko huko. Suala la kulisha shule ya kutwa lilikuja baada ya Uhuru, pale watoto walipokuwa wengi.

Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, liliipa kila shule shamba. Wanafunzi walime, wavune, wale, na kinachobaki kiuzwe. Kusini na kaskazini kwenye mvua za kutosha, shamba la shule lilileta mahindi, maharage, hata kuku. Dodoma lilileta mahindi mwaka mmoja na mabua mwaka unaofuata. Kisha ikaja Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya sabini, iliyowahamisha Wagogo kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alikwenda kupiga kambi Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Vijiji vilileta shule karibu na mtoto, na hilo ni jambo kubwa. Vilevile viliyasogeza mashamba mbali na nyumba. Mama aliyekuwa akichuma mlenda nyuma ya tembe sasa alitembea saa nzima, na alfajiri alipoondoka hakukuwa na wa kumkorogea mtoto uji.

Ukame wa 1973 na 1974 uliifanya nchi nzima iagize chakula nje na kutangaza kilimo cha kufa na kupona. Mwaka huohuo wa 1974, Azimio la Musoma likaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto awe darasani. Maamuzi hayo mawili yalipishana bila kusalimiana. Watoto waliingizwa shule kwa mamilioni. Chakula chao kiliachwa kwa wazazi, kwa shamba la shule, na kwa mwalimu mkuu mwenye bidii. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973, ilikuwa na wataalamu na haikuwa na sufuria.

Miaka ya themanini, uchumi ulipoyumba na michango ikarudi mlangoni mwa shule, hata kidogo kilichokuwepo kilipungua. Hatuna haja ya kukaa hapo.

Mwaka 2000 ulileta mabadiliko ya kweli. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulianza kulisha shule za wilaya kame, Dodoma na Singida zikiwa katikati ya mpango huo. Baadaye ulienea Manyara, Arusha na Shinyanga, ukafikia wilaya 16 na shule zaidi ya elfu moja. Utaratibu wake wazazi wengi wa leo wanaukumbuka, kwa sababu walikuwa wanafunzi: saa nne uji wa unga wa mahindi na soya ulioongezwa vitamini, mchana makande yenye mafuta. Wazazi walileta kuni na maji, wakajenga jiko na stoo, wakachagua wapishi. Mwaka uliofuata ada ya shule za msingi ilifutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Ada imeondoka, uji umekuja: kwa mfugaji aliyekuwa akimwacha mwanawe nyuma ya ndama, hesabu ilibadilika ghafla.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, uji ulikuwa unapimwa. Wachumi Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia shule 50 za awali huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya; 25 zilipewa uji wa asubuhi bure, 25 hazikupewa. Mahudhurio yalikuwa karibu theluthi moja zaidi palipokuwa na uji. Habari njema, na wafadhili waliitangaza. Sehemu ya pili ya matokeo hutajwa kwa nadra: kupika na kunywa kulikula muda wa masomo, baadhi ya shule ziliongeza ada kwa kuwa sasa zilikuwa na kivutio, na alama za mtihani zilipanda tu pale mwalimu alipokuwa amefunzwa vizuri. Uji humleta mtoto darasani na kumweka macho. Kusoma kunahitaji mwalimu.

WFP haikuja Dodoma kukaa milele, wala haikusema itakaa. Fedha za wafadhili zilipopungua, mgawo ulipunguzwa, kisha shule zikakabidhiwa kwa jamii na halmashauri. Kenya nayo ilianza na WFP, mwaka 1980, lakini tangu 2009 Serikali yake ilijenga mpango wake unaonunua nafaka ndani ya nchi, na mwaka 2018 ikapokea shule zote zilizokuwa mikononi mwa shirika hilo. Ilikuwa na mahali pa kuzipokelea. Dodoma makabidhiano yalifanyika bila fungu la kuyapokea. Stoo zilibaki na milango yake, na katika shule nyingi sufuria zikakauka.

Kisha likaja jambo jema lililoleta mkanganyiko. Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne ikawa bila malipo. Madarasa yalifurika. Wazazi wengi walisikia neno «bila malipo» na kuelewa, kwa haki kabisa, kwamba debe la mahindi walilokuwa wakipeleka shuleni nalo limefutwa. Walimu wakuu waliogopa kuomba chochote wasije wakaonekana wanarudisha michango kwa mlango wa nyuma. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo ulifafanua kuwa chakula cha wanafunzi wa kutwa ni jukumu la wazazi, lakini ufafanuzi ulifika polepole kuliko furaha. Mahali pengi uji ulikatika katikati ya muhula, na mwenyekiti wa kamati ya shule akabaki anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari.

Mwaka huohuo Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na hapo Mkonze inaingia vizuri zaidi katika simulizi hii. Mji ukawa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ilikuta 765,179. Kata za pembezoni ndizo zilizobeba ongezeko hilo: mashamba ya uwele yakapimwa viwanja, nyumba za bati la rangi zikasimama kando ya matembe, na darasa moja sasa lina mtoto wa mtumishi wa wizara, mtoto wa fundi mwashi aliyehamia kutafuta kazi za ujenzi, na mtoto wa Mgogo aliyeuza shamba. Mchango wa chakula katika shule ya kijijini hutolewa kwa debe. Katika kata inayogeuka mji hutolewa kwa fedha, na fedha ya fundi wa kutwa hupatikana siku zile tu anapoitwa kazini. Mkulima huwa mkarimu Juni, akiwa na nafaka. Fundi hana Juni.

Shule zimejaribu njia mbalimbali, na moja inastahili kusemwa wazi kuwa ni mbaya: kumnywesha uji mtoto aliyelipiwa na kumweka pembeni asiyelipiwa. Mwalimu anayefanya hivyo huwa amebanwa, mahindi ni machache na waliolipa wanalalamika. Lakini mtoto asiyelipiwa ndiye aliyekuja bila kula kitu. Mpango wa aina hiyo humlisha mwenye kifungua kinywa nyumbani.

Serikali haikulala. Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi ulitolewa mwaka 2020, na mikataba ya lishe iliyosainiwa upya na wakuu wa mikoa mwaka 2022 ilifanya chakula cha shule kuwa kipimo cha utendaji wao. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano umeshuka nchini kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16 hadi 30 mwaka 2022. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo kwa ajili ya lishe. Angalia inapoishia huruma ya bajeti: siku ya kutimiza miaka mitano. Mtoto akivuka hapo na kuingia darasa la awali, lishe yake inageuka kuwa daftari la mwenyekiti.

Machi 2024 Dodoma ilirudi kwenye vichwa vya habari kwa sababu ya chakula hichohicho cha shule. Marekani, kupitia mpango wa wizara yake ya kilimo, ilitoa kwa shule zaidi ya 300 za mkoa huo shehena ya mchele ulioongezwa virutubishi, maharage na mafuta ya alizeti. Mitandao ililipuka. Wengine waliogopa virutubishi kama vile ni sumu, hofu isiyo na msingi, maana unga wa mahindi unaouzwa madukani nao huongezwa madini na vitamini kwa kanuni za Serikali yetu. Hoja ya Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, ilikuwa nzito zaidi: nchi ina mchele na maharage, basi fedha hizo zinunue mazao ya wakulima wa hapa na virutubishi viongezwe hapahapa. Mkoa ulioletewa mafuta ya alizeti kwa meli ni miongoni mwa mikoa inayolima alizeti kwa wingi. Mtoto aliyekula wali ule hakukosea. Aliyepanga safari ya mafuta yale anastahili kuulizwa.

Kifungua kinywa cha bure si wazo la wakubwa wa Marekani peke yao. Januari 1969, katika kanisa moja la Oakland, chama cha Black Panther kilianza kuwapikia watoto weusi kabla ya shule, na kabla ya mwaka kuisha kilikuwa kinalisha maelfu katika miji mingi. Polisi wa Marekani waliwasumbua wapishi wale, lakini mwaka 1975 Bunge la nchi hiyo liliufanya kuwa wa kudumu mpango wa Serikali wa kifungua kinywa shuleni, uliokuwa wa majaribio tangu 1966. Karibu zaidi na hali yetu ni Tamil Nadu, kusini mwa India. Septemba 2022 Waziri Mkuu wa jimbo hilo, M. K. Stalin, alianzisha kifungua kinywa cha bure katika shule za msingi 1,545. Mwaka mmoja baadaye mpango ulikuwa umeenea katika shule za msingi za Serikali jimbo zima. Wanaopika ni vikundi vya akina mama, na anayelipa ni jimbo, kwenye bajeti yake.

Mkonze ingegharimu kiasi gani? Tuchukue shule ya wanafunzi 1,000, idadi isiyo ya ajabu jijini. Bakuli la uji likitumia gramu 50 za unga, ni kilo 50 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, hivyo ni tani 9.7, magunia 97 ya kilo 100. Kwa mtoto mmoja, ni kilo zisizofika kumi, yaani nusu debe ya nafaka kwa mwaka mzima. Wanaosema nchi haiwezi kuwanywesha watoto wake uji waitazame nusu debe hiyo kwanza.

Kinachoangusha mipango mingi kipo pembeni ya unga. Ni sukari na karanga za kuutia ladha na nguvu, kusaga, maji katika mkoa ambao bomba hukauka, vikombe, na malipo ya mpishi ambaye hudamka saa kumi alfajiri na aghalabu hulipwa asante. Ni nishati: Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, agizo zuri kwa misitu ya Dodoma iliyokwisha kuwa vichaka, lakini jiko la gesi na mitungi yake havitoki kwenye mchango wa debe. Na ni aina ya nafaka. Uwele na mtama huvumilia ukame ambao huua mahindi, uwele una madini ya chuma kwa wingi, na ubuyu unaookotwa chini ya mibuyu ya Ugogo una vitamini C ya kuusaidia mwili kukipokea chuma hicho. Wapishi wa Kigogo walijua uji wa uwele na ubuyu kabla hatujaletewa soya kwenye magunia. Shule nyingi bado hudai mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo waliyozoea kudai.

Limebaki suala la kalenda. Njaa ya Ugogo ni ya Januari hadi Machi. Mchango wa mzazi hupatikana Juni na Julai. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, wakati uleule ambapo mtama na uwele vimejaa sokoni na bei iko chini. Kununua Julai na kutoa Januari ni kazi ambayo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huifanya kila mwaka, na baadhi ya maghala yake yako Kizota, ndani ya jiji hilihili la Dodoma. Jiji linaloweza kupima maelfu ya viwanja linaweza kununua magunia 97 kwa shule.

Vikao vya bajeti za halmashauri hukaa miezi ya mwanzo wa mwaka, watoto wakiwa katika wiki zao ngumu kabisa. Mzazi wa Mkonze, na wa kata nyingine yoyote ya nyanda za kati, amwendee diwani wake kabla ya hapo na kumwuliza jambo moja: katika bajeti inayoanza Julai, uji wa Januari umetengewa shilingi ngapi?